Waliokuja nyuma ndio walisimamisha minara

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, hapa Lubumbashi. Komite imeomba tuyaandike kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Tuliombwa kusema kidogo juu ya safari yetu ya Madurai, kule kusini mwa India, kwa hekalu la Meenakshi. Wengi munajua kwamba tulikuwa tunasomea Bengaluru. Wengine wamekwisha kutuuliza, na wengine hawakutuuliza, lakini maneno yao yametufikia: "Ninyi wakristo, mulienda kutafuta nini kwa nyumba ya mungu mke wa Wahindu? Mulipiga magoti?" Basi tujibu hiyo kwanza, tuiweke kando. Hatukupiga magoti. Tulienda kuangalia, sawa vile mgeni anaingia kwa nyumba ya mtu, anavua viatu, anasalimia, anaangalia namna wenyewe wanaishi. Na kweli viatu tulivua. Tulirudi na imani yetu ileile, na pia tulirudi na kitu kingine ambacho tumekaa nacho miaka hii yote bila kukisema.

Tunakisema leo kwa sababu mwezi ujao tutapiga kura. Munajua kipengele kipya kilichopendekezwa: kwamba mwanachama wa mutuelle awe ni yule aliyerudi na diploma mkononi na aliyelipa michango tangu mwanzo. Wale wengine, waliorudi mikono mitupu au waliorudi juzi, wabaki nje. Sisi hatutaki kugombana na mtu. Tunaomba tu musikilize habari ya hekalu mpaka mwisho, halafu kila mmoja atapima mwenyewe.

Namna tulifika Madurai

Ilikuwa mwaka 2014. Mwenzetu mmoja, tuliyekuwa tunakaa naye chumba kimoja, jicho lake la kushoto lilianza kuzimika. Mwanzoni alisema ni usingizi, halafu ni mwanga wa kompyuta. Siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, sote tukanyamaza. Watu walimwambia aende Madurai, kuko madaktari wa macho wazuri, na masikini pia wanapokelewa. Alienda peke yake. Operesheni ilifanyika, na jicho likapona. Lakini safari, chakula, chumba na dawa za wiki nyingi vilikula pesa ya minerval. Baba yake alikuwa ametuma ya mwaka mzima, na hakukuwa nyingine ya kutuma.

Sisi watatu tulimfuata kwa treni ya usiku. Asubuhi tulimkuta kwenye gare, jicho limefunikwa kitambaa cheupe, anacheka. Alikuwa amekwisha kuzoea mji kuliko sisi tulivyozoea Bengaluru. Akatuambia: "Hapa hamuwezi kupotea. Mtu akipotea, atembee tu kuelekea ndani."

Tulielewa baadaye. Mji wa zamani wa Madurai umejengwa kwa kuzunguka hekalu. Hekalu liko katikati, na barabara zinalizunguka kwa mraba, mraba ndani ya mraba. Barabara hizo zina majina ya miezi ya Watamil. Ya karibu na ukuta inaitwa Chithirai, inafuata Avani Moola, halafu Masi. Wakati wa sikukuu wanazungusha magari makubwa ya mbao kwa kamba, maelfu ya watu wanavuta. Kwa hiyo mji wenyewe ni kama kalenda: ukitembea barabarani, unatembea ndani ya mwaka.

Nyumba yenyewe

Sasa tuseme juu ya nyumba yenyewe. Kitu cha kwanza unachokiona, tena kutoka mbali, ni minara ya milango. Wenyewe wanaiita gopuram. Iko 14 kwa jumla, na minne mikubwa inasimama pande nne za ukuta wa nje: mashariki, magharibi, kusini na kaskazini. Ule wa kusini unafika karibu metra 52. Chini ni jiwe gumu la graniti. Juu ni matofali, na juu ya matofali mafundi wamefinyanga sanamu kwa chokaa na kuzipaka rangi: miungu, walinzi wenye meno makubwa, wanawake, farasi, ng'ombe, simba. Kwa mnara huo mmoja wa kusini kuna sanamu zaidi ya 1500. Ukisimama chini na kuangalia juu, shingo inauma mbele ya macho kushiba.

Mwenzetu alituuliza swali: "Munafikiri sehemu ya zamani na ya heshima kubwa ni ipi?" Sisi tukaonyesha mnara. Akatikisa kichwa.

Kumbe ni kinyume. Hapo ndipo tulianza kusikiliza vizuri. Kule kusini mwa India, chumba kitakatifu chenyewe ni kidogo, kiko katikati kabisa, kina giza, na paa yake ni fupi ingawa imefunikwa dhahabu. Hiyo ndiyo mbegu. Kila kizazi kilichokuja kiliongeza ukuta nje ya ukuta na mlango nje ya mlango, na mara nyingi mlango wa nje ulisimamishwa juu kuliko wa ndani. Kwa hiyo ukitoka katikati kwenda nje, minara inazidi kuwa mirefu. Waliotangulia walijenga chumba. Waliokuja nyuma ndio walisimamisha minara ambayo dunia nzima inakuja kuiona.

Mwenye nyumba ni Meenakshi. Jina hilo lina maana ya mwenye macho kama samaki. Wanasimulia kwamba mfalme mmoja wa Wapandya hakuwa na mtoto. Akaomba mtoto wa kiume ili amrithi, akapewa binti. Akamlea kwa silaha na mashauri ya utawala, akamvika taji, na binti akatawala na kushinda vita mpaka alipokutana na Shiva, akawa mke wake. Lakini kule Madurai ni bwana aliyekuja kukaa kwa mke. Waumini wanamsalimia mama kwanza, halafu bwana. Na kila usiku, mbele ya kufunga hekalu, sanamu ya bwana inabebwa kwenye machela, kwa ngoma na baragumu, mpaka chumba cha mke. (Mama zetu wanacheka. Tulijua watapenda hiyo.)

Kwa nini macho ya samaki? Watu wa pale walituambia kwamba samaki hafungi macho, na kwamba anayalinda mayai yake kwa kuyaangalia tu mpaka yanaanguliwa. Basi wanasema mama huyu analinda watoto wake hivyo, kwa kuwaangalia. Mwenzetu mwenye kitambaa kwenye jicho alitusimulia hiyo polepole, na hatukujua tuseme nini.

Nguzo elfu moja ambazo si elfu moja

Ndani tulipita ukumbi baada ya ukumbi. Upande wa nje, mbele ya mlango wa mashariki, kulikuwa ukumbi mzima wa mawe wa karne ya 17, ulioachwa na mfalme Tirumalai Nayak, na siku zile mafundi cherehani walikuwa wamekaa katikati ya nguzo wanashona blauzi na nguo za shule. Mtu anakanyaga cherehani, na juu ya kichwa chake mfalme wa jiwe amekunja mikono. Ndani kuna bwawa lenye ngazi pande zote, linaitwa bwawa la yungiyungi la dhahabu. Wanasimulia kwamba zamani wenye elimu walipima vitabu humo: kitabu kizuri kinaelea, kibaya kinazama. Mwenzetu akasema, "Mémoire yangu ingezama mara moja, sababu haijaandikwa hata ukurasa mmoja." Tulicheka, lakini yeye alicheka kidogo tu.

Halafu tukaingia kwenye ukumbi unaoitwa wa nguzo elfu moja. Ulijengwa mwaka 1569 na Ariyanatha Mudaliar, waziri mkubwa wa Wanayak. Kila nguzo imechongwa, na ukitembea, mistari inajipanga mbele yako, inavunjika, inajipanga tena. Sisi watu wa hesabu tukaanza kuhesabu. Mlinzi mmoja mzee akatuonea huruma, akatuambia jibu: ni 985. Zile 15 hazikuwekwa kwa sababu nafasi yake ilichukuliwa na vyumba vya ibada. Tukauliza kwa nini basi wanasema elfu moja. Akatuangalia sawa vile mtu anaangalia watoto. Ni ukumbi wa nguzo elfu moja, akasema.

Na kuna mnara wa kaskazini. Huo tunaomba muukumbuke. Kwa miaka mingi sana watu waliuita Mottai, maana yake "wenye upara", kwa sababu ulianzishwa katika karne ya 16 na haukumalizika. Pesa au nguvu iliisha, na juu ukabaki bila kichwa. Vizazi vikapita. Ni katika karne ya 19 tu ndipo ulimalizwa. Lakini miaka yote hiyo haukuvunjwa, na hesabu ya minara mikubwa ilibaki minne. Watu waliingia chini yake, wakatoka chini yake. Ulikuwa mlango kamili hata kama kichwa hakikuwepo.

Kubomoka na kurudi

Sasa, ndugu zetu, musifikiri nyumba hiyo imesimama salama tangu mwanzo. Mwaka 1311 jeshi la sultani wa Delhi, likiongozwa na Malik Kafur, lilifika mpaka Madurai na kupora mali. Baadaye mji ukawa chini ya masultani wake wenyewe kwa miaka mingi ya karne ile. Wenyewe wanasimulia kwamba makuhani walijenga ukuta mbele ya chumba kitakatifu na kukificha, wakaweka sanamu nyingine mbele ili wavamizi waipige hiyo. Wengine walikimbia. Miaka ya 1370, mwana wa mfalme wa Vijayanagara, Kumara Kampana, aliukomboa mji, na mke wake Gangadevi akaandika utenzi juu ya vita hiyo. Wanasema ukuta ulipobomolewa, taa ya ndani ilikutwa ingali inawaka na maua hayajanyauka.

Kama taa iliwaka kweli miaka yote hiyo, hilo si letu kuamua. Sisi tulisikia kitu kingine katika hadithi hiyo. Waliofungua ule ukuta hawakuuliza nani alikimbia na nani alibaki. Walitaka tu watu warudi.

Na waliokuja kujenga upya ni nani? Si watu wa palepale peke yao. Wanayak, waliotawala Madurai tangu karne ya 16, asili yao ni kaskazini zaidi. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kitelugu, si Kitamil. Walikuwa wageni. Mnara mrefu wa kusini ulisimamishwa wakati wao, mwaka 1559. Ukumbi wa nguzo ni wa wakati wao. Sehemu kubwa ya kile tulichokiona kwa macho ni ya wakati wao. Kama watu wa zamani wangesema, "Nyumba hii ni ya walioanza tu," leo pale kungekuwa chumba kidogo chenye giza na ukuta uliobomoka.

Tena kazi haiishi. Chokaa inapasuka, rangi inafutika, ndege wanaotesha miti kwenye nyufa. Desturi ni kwamba kila miaka kama 12 wanafunika minara kwa mianzi, mafundi wanapanda, wanatengeneza sanamu zilizovunjika mkono au pua, wanapaka rangi, halafu wanafanya ibada ya kuifungua upya. Ya mwaka 2009 tuliambiwa juu yake na kila mtu, maana rangi ilikuwa ingali inang'aa. Nyuma ya sisi kurudi nyumbani, mwezi wa pili mwaka 2018, tulisikia moto umewaka usiku kwenye maduka yaliyokuwa ndani ya ukumbi mmoja wa mashariki, na paa ya jiwe imeanguka. Tuliumia kama ni nyumba ya jamaa. Lakini hatukushangaa tuliposikia wanatafuta mawe mapya na wachongaji. Nyumba hiyo imezoea kutengenezwa.

Juu ya mlango

Tusidanganyane. Kuna mahali tulisimamishwa. Karibu na chumba kitakatifu kuna kibao kinachosema kwamba kutoka hapo ni Wahindu tu. Tulisimama. Hatukukasirika, kwa sababu hicho ni chumba cha ibada yao, na hata sisi hatuwezi kumwita kila mpita njia kwenye meza ya Bwana. Lakini tuliwaza mengi pale, maana munajua wenyewe yale tuliyoishi: nyumba ngapi Bengaluru tuliambiwa chumba kimekwisha kuchukuliwa, na kesho yake tangazo lingali mlangoni.

Mlinzi mzee aliona nyuso zetu. Akatueleza kitu ambacho hatukukijua. Zamani si wageni tu waliokatazwa. Kulikuwa Watamil, Wahindu, waliozaliwa kwenye mji huohuo, waliokatazwa kukanyaga hata ukumbi wa nje, kwa sababu ya kabila walimozaliwa, yaani wale wanaoitwa leo Dalit, na wengine kama Wanadar. Walivuta magari ya mizigo kwenye barabara zenye majina ya miezi, walizunguka mraba ule maisha yao yote, hawakuingia. Tarehe 8 mwezi wa saba mwaka 1939, wakili mmoja wa kabila la juu, A. Vaidyanatha Iyer, aliwashika watu wachache wa makabila hayo na kuingia nao. Kulikuwa na hasira nyingi. Wengine walisema hekalu limechafuka. Mwaka uleule sheria ikatoka ya kulinda milango iliyofunguliwa. Gandhi, aliyekataa kuingia wakati milango ilipokuwa imefungwa kwa hao, aliingia mwaka 1946.

Tuliuliza: hekalu lilianguka siku ile? Mzee akacheka. Watu walizidi tu, akasema.

Tunarudi kwetu

Sasa munajua tunapoelekea.

Yule mwenzetu alimaliza matibabu, akarudi Bengaluru, na chuo kikamwambia hakuna minerval, hakuna mtihani. Alijaribu. Alifundisha Kifaransa kwa watoto, alibeba mizigo usiku. Viza ikakaribia kuisha. Sisi tulipata diploma, tukarudi, tukapokelewa na ngoma, mukatupikia bukari na kuku, mukatuandika kwenye daftari la mutuelle. Yeye alirudi nyuma yetu, kimya kimya, usiku. Wengine wenu hamujui hata kwamba yuko hapa Lubumbashi. Anakaa kwa dada yake na haendi hata kwenye matanga, sababu anaogopa lile swali: "Na diploma?" Ametupa ruhusa kusema haya, mradi tusitaje jina. Mwezi jana alifiwa na mama. Mutuelle haikwenda, kwa sababu hayuko kwenye daftari.

Na si yeye peke yake. Wako waliougua. Yuko dada aliyerudi na mimba na aibu. Wako waliotapeliwa na watu waliowaahidi bulsa. Wote walilala kwenye vyumba vilevile, walikula wali uleule kwa mkono mmoja, walikataliwa kwenye milango ileile. Tukipitisha kipengele kile, tutakuwa sisi wenyewe tumeandika kile kibao.

Tunaelewa hofu ya wale walioleta kipengele. Mfuko ni mdogo. Mtu amelipa miaka mingi, na anaona mwingine anaingia leo na kesho anaomba msaada wa matanga. Hiyo si roho mbaya, ni hesabu. Basi tufanye hesabu pamoja: aliyerudi nyuma alipe kiingilio kidogo kidogo, kwa mwaka mmoja. Matanga asaidiwe tangu siku ya kwanza, na misaada mingine isubiri mpaka amalize kiingilio. Diploma isiulizwe. Sisi mutuelle si chumba cha ibada, ni ukumbi. Na ukumbi unasimama kwa nguzo. Hata zikiwa 985, tutaziita elfu moja.

Sisi waanzilishi tulijenga chumba kidogo. Ni chumba kizuri, tunakipenda. Lakini minara hatukuijenga sisi. Pengine wale wanaojificha leo kwa dada zao, wenye kichwa kisichomalizika kama ule mnara wa kaskazini, ndio wataijenga.

Mwezi ujao, siku ya kura, tutakuja naye. Amekubali. Jicho lake linaona vizuri. Tunaomba atakapoingia, aangalie mbele na akute kiti.